Usawa Huanza Kabla ya Darasa

Katika madarasa ya itikadi swali hili huleta ubishi: je, haki imekwisha tendeka mtoto anapopata nafasi shuleni? Wapo wanaojibu upesi kuwa ndiyo. Azimio la Musoma la 1974 lilidai elimu ya msingi kwa kila mtoto. Ada za shule za msingi, zilizorudishwa baadaye, zilifutwa tena 2001, na za sekondari hadi kidato cha nne 2016. Mlango uko wazi, wanasema. Anayeshindwa ni mzembe.

Hoja hii ni ya hatari, kwani inageuza matokeo ya hali duni kuwa kosa la mtoto.

Tutazame Nyanda za Juu Kusini. Iringa na Mbeya ni ghala la mahindi la taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba Iringa kiasi cha asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Chakula kipo, mtoto hakipati. Tumbo lake ni dogo. Uji wa mahindi matupu hulijaza bila kujenga mwili, hivyo lazima alishwe mara nyingi, tena apate maharage, maziwa na mboga. Lakini mama yuko shambani tangu alfajiri, na akirudi anakabiliwa na kuni na maji. Maharage yameuzwa, na mara nyingi si yeye aamuaye matumizi ya fedha hiyo. Hapo suala la lishe huwa suala la nani anafanya kazi na nani anamiliki jasho lake, hata ndani ya nyumba. Jambo ambalo sisi makada wanaume hatupendi kulizungumza mkutanoni.

Udumavu wa miaka miwili ya kwanza huathiri ubongo, na kuurekebisha baadaye ni vigumu sana. Kisha mtoto huyu huketishwa pamoja na mtoto wa karani wa Mbeya mjini aliyepitia chekechea, wakapewa mtihani mmoja. Mtihani ni sawa. Watahiniwa si sawa.

Hatudai mtoto wa karani anyang'anywe chekechea. Mwaka 1983 Mkoa wa Iringa, wakati huo ukijumuisha Njombe, ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168 kwa msaada wa UNICEF na WHO, fedha zikitoka Italia. Watoto walipimwa uzito kila miezi mitatu, na serikali ya kijiji ikajadili matokeo. Utapiamlo mkali ulipungua. Kijiji kinachosoma hadharani majina ya waliofaulu darasa la saba kinaweza pia kujadili, kila robo mwaka, ni watoto wangapi hawakuongezeka uzito, na kwa nini.