EGZAMINI YA SERIKALI NI KITU GANI?



Wadogo wetu wanatuuliza sana juu ya egzamini hii. Sisi mafinalisti tunajibu.

Ilianza katika inchi yetu mwaka wa 1967. Iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni orsesyo: hapo tunaandika disertasyo na kujibu Kifaransa kwa kinywa. Ya pili ni sesyo yenyewe, siku 4: kultire jenerale, siansi, luga na masomo ya opsyo. Hapo hauandike maneno mengi, unachagua jibu moja kati ya mengi. Mwenye kupata 50% anapewa diploma ya Serikali.

Basi, kutazama kwa jirani hakufai. Karatasi ziko za seri mbalimbali: jibu la kweli kwake, kwako ni uongo. Tena maswali yanatoka hata katika masomo ya miaka ya nyuma. Mwezi mmoja wa kukesha hautoshi.

Wazazi wanauza mihogo na mbuzi juu ya kulipa feza ya egzamini. Mwenye kuanguka anawarudisha sokoni mara ya pili.

Kwa hiyo, wadogo wetu, musitupe makaye ya mwaka huu. Muyachunge vizuri; siku moja mutayatafuta.