Karatasi tatu zinasema hana ugonjwa, usingizi bado hauji

Mchele umepakiwa Kahama, lori limevuka daraja la Rusumo na ushuru umelipwa. Mwenye mzigo hajatulia. Mfukoni ana karatasi tatu zilizokunjwa: moja ya zahanati ya Kahama, nyingine ya kituo cha afya upande wa Rwanda, ya tatu ya kliniki ya binafsi Mutukula. Zote zinasema hana VVU wala kaswende. Akifika Kigali, kabla ya kwenda nyumbani, anapita duka la dawa kununua kipimo cha mate.

Huyo ni mfano tu, lakini wenye biashara za mpakani watamtambua. Kama si jirani waliyekutana naye gesti, ni wao wenyewe.

Hofu ya namna hii huanza na sababu ya kweli. Kuna usiku mmoja ugenini, kondomu ikapasuka au haikuwepo kabisa. Siku za mwanzo hofu hiyo ina kazi, kwani ndiyo inayomtoa mtu kitandani na kumpeleka kituo cha afya. Akiwahi ndani ya saa 72 anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia VVU, ambazo humezwa kwa siku 28. Shida inakuja pale hofu inapokataa kuondoka hata baada ya kazi yake kwisha.

Wengi hukosea kwenye kalenda. Mtu anapima siku ya tano, anaambiwa hana, anafurahi jioni moja, kisha anakumbuka kwamba siku tano ni chache. Hapo yuko sahihi. Vipimo vya haraka vya VVU hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi ya kirusi, na askari hao huchukua wiki kadhaa kuonekana. Kisonono na klamidia hupimwa kwa uhakika zaidi baada ya wiki mbili hivi. Kidonda cha kaswende kinaweza kutokea kati ya siku ya 10 na ya 90. Ndiyo maana wahudumu humwambia mtu arudi baada ya miezi mitatu. Asipokuwa na tukio jipya katikati, na siku 90 zikapita, jibu la VVU la kutokuwa na maambukizi ni jibu. Aliyemeza dawa za kuzuia afuate tarehe atakayopewa na mhudumu, kwa sababu hesabu yake ni tofauti.

Kwa mkulima wa kijijini, kurudi baada ya miezi mitatu ni kupanda mlima uleule. Kwa mfanyabiashara, miezi mitatu inaweza kumkuta Mutukula, Kagitumba au Busia. Anaingia kliniki nyingine, hakuna faili lake, hakuna anayejua alipima lini, na yeye mwenyewe hasemi. Kila mhudumu anaanza upya, na kila mhudumu, kwa haki kabisa, anamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Kadi ya mituweli nayo haivuki daraja, hivyo kila kipimo cha nje kinalipiwa taslimu. Mpaka, ambao kwenye biashara ni riziki, kwenye jambo hili unaizidishia hofu nafasi: daima kuna mlango mwingine ambapo hakuna anayekufahamu.

Kaswende ina mtego wake, na unawanasa wasafiri zaidi. Kipimo cha haraka kinachotumika katika vituo vingi kinaweza kuendelea kuonyesha mstari maisha yote, hata kwa mtu aliyekwisha kupona. Aliyetibiwa Ngara miaka miwili iliyopita akipimwa leo kwingine anaweza kuambiwa ana kaswende, akachomwa sindano tena, akarudi nyumbani akiamini kuwa ugonjwa haukutoka au mwenzake amemletea. Kipimo kingine cha damu, ambacho maabara hukiita RPR, hutoa kiwango kinachoweza kulinganishwa na cha zamani. Lakini ili kulinganisha lazima pawepo na cha zamani. Karatasi ya matibabu yenye tarehe ina thamani kama risiti ya forodha, na inafaa isafiri pamoja nayo.

Kisha kuna duka la dawa. Mtu asiyeamini jibu la maabara hununua antibayotiki bila kuandikiwa, anakunywa nusu dozi Rusumo na kuanza nyingine Kigali. Dawa hizo hazigusi VVU hata kidogo. Kwa kisonono zinafanya madhara zaidi, kwani vimelea vyake vimeshajifunza kuhimili dawa nyingi, na nusu dozi ni kuvipa mazoezi. Kwa mwanamke, antibayotiki zinaweza kuleta fangasi za ukeni. Muwasho unaanza, naye anausoma kama ushahidi kwamba ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo.

Mwanamume naye hujikagua. Anajiminya mara kumi kwa siku kuona kama kuna usaha, anajiosha kwa sabuni kali au dawa ya kuoshea vidonda. Ngozi inakuwa nyekundu, njia ya mkojo inauma, pengine unatoka ute kidogo kwa sababu ya kuminywa huko. Hofu yenyewe pia ina dalili zake mwilini: moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kuvurugika, kukojoa mara kwa mara, kukosa hamu ya kula. Akifungua simu na kutafuta dalili hizo, atakutana na VVU kabla ya kukutana na wasiwasi.

Hata kupima mara nyingi kuna hatari yake. Hakuna kipimo kisichokosea kabisa, na anayejipima kila wiki anajiongezea nafasi ya kukutana na mstari wa uongo. Kipimo cha kujipima chenye mistari miwili si hukumu. Ni sababu ya kwenda kituoni kuthibitishwa kwa vipimo vingine.

Wataalamu wa afya ya akili wanaitambua hofu ya kuumwa inayodumu miezi sita au zaidi bila kusikia majibu ya daktari kuwa ni ugonjwa unaotibika. Msingi wa tiba ni mazungumzo ya mpangilio na mshauri, na pale inapohitajika, dawa anazoandika daktari. Mgonjwa hatakiwi kujilazimisha kuamini. Anafundishwa kuahirisha. Hamu ya kupima au kujikagua ikija, anaiandika saa yake, anangoja nusu saa, kesho yake saa moja, hadi aone kwamba hamu hiyo hupanda kama homa na kushuka yenyewe bila kipimo. Anachagua kituo kimoja, faili moja, na tarehe moja ya kupima. Anaacha kusoma dalili kwenye simu. Ni kazi ngumu, na wiki za kwanza hofu huongezeka kabla ya kupungua. Nchini Rwanda huduma ya afya ya akili ipo katika hospitali za wilaya, na kituo cha afya kinaweza kukupa rufaa.

Mshauri pia atauliza kuhusu usiku ule. Mara nyingi kinachomnyima mtu usingizi ni aibu iliyovaa nguo za ugonjwa, na maabara haina kipimo cha aibu.

Kwa baadhi ya wanawake wa mpakani usiku huo haukuwa uamuzi wao. Aliyelazimishwa, awe amelazimishwa na mwenye gesti, dereva au mtu mwenye cheo, ana haki ya dawa zilezile ndani ya saa 72, pamoja na dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku tano. Nchini Rwanda vituo vya Isange, vilivyoanza Kacyiru mwaka 2009 na sasa viko katika hospitali za wilaya, hutoa matibabu, ushauri na msaada wa kisheria mahali pamoja, bila malipo.

Nyumbani ndiko hofu hulipiwa bei kubwa. Mfanyabiashara wa mchele analala akiwa ameupa ukuta uso, akiogopa kumwambukiza mkewe ugonjwa ambao karatasi tatu zinasema hana. Mke haoni karatasi. Anaona mume anayerudi safari na kumkwepa, na anajitafutia maelezo yake. Kabla ya siku 90 kutimia, kondomu husaidia kumlinda. Zikishatimia, wanaweza kwenda pamoja: vituo vya afya nchini Rwanda huwapima wenzi kwa pamoja, na mshauri husoma majibu wote wawili wakiwa chumbani.