Kugawana wachezaji kwa kura: kura inaishia wapi, kamari inaanzia wapi?

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Pemba anayesomesha Kilimatinde, wilaya ya Manyoni mkoani Singida, ametuletea swali ambalo mwanzo lilituchekesha, kisha likatukalisha kitako.

Yeye na wenziwe saba, baadhi wako Unguja, wengine Dar es Salaam na mmoja Maskati, wanataka kuanzisha ligi ya besiboli ya kwenye kompyuta. Kila mmoja atakuwa na timu ya wachezaji wa zamani, wengi wao wameshafariki, na programu itachezesha mechi kwa kufuata takwimu walizoziacha. Wachezaji watagawiwa kwa kura. Kila mshiriki atatoa shilingi 10,000, na bingwa atazichukua zote. Anauliza: je, kura hii si kamari?

Kwa wasioujua mchezo: besiboli ni wa gongo na mpira, mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kisha anakimbilia vituo. Kwetu ni mgeni, ingawa Dar es Salaam skuli kama Azania zimeucheza kwa msaada wa Wajapani. Kuuigiza mezani si jambo jipya. Mwaka 1961 ulitoka Marekani mchezo uitwao Strat-O-Matic, ambao kila mchezaji ana kadi iliyotengenezwa kwa takwimu za msimu wake. Zinarushwa dadu tatu: moja inaamua isomwe kadi ya mpigaji au ya mrushaji, na jumla ya mbili zilizobaki inaonesha kilichotokea. Siku hizi kompyuta hujichagulia namba yenyewe.

Ladha yake ni kuwakutanisha watu ambao dunia haikuwakutanisha. Josh Gibson, Mmarekani mweusi, alifariki Januari 1947 bila ya kuruhusiwa kucheza ligi kuu kwa sababu ya rangi yake. Miezi mitatu baadaye Jackie Robinson akaingia katika ligi hiyo na kuuvunja mwiko. Ilipofika 2024 ndipo takwimu za ligi za watu weusi zilipoingizwa katika hesabu rasmi, na Gibson akawa wa kwanza katika wastani wa upigaji wa maisha yote, mbele ya Ty Cobb. Tunaelewa kwa nini mwalimu wa Kilimatinde anamtaka Gibson katika timu yake. Lakini wanane wote wanamtaka, na Gibson ni mmoja. Ndiyo maana wakafikiria kura.

Basi tuanze na kura yenyewe. Neno letu hili asili yake ni *qur'a* ya Kiarabu, nayo ina msingi katika dini. Qur'ani inataja watu waliotupa kalamu zao ili ijulikane nani atamlea Maryam (Aal Imran, 44), na inataja kura iliyomwangukia Nabii Yunus jahazini (As-Saffat, 141). Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze, na aliyetokea jina lake ndiye aliyefuatana naye. Tazama hali zote hizi: wenye haki sawa ni wengi, nafasi ni chache, na hakuna aliyetoa mali ili aingie. Kura hapo inaondoa upendeleo na kinyongo. Januari 2015, Guinea na Mali zilipolingana kwa kila kitu katika Kombe la Mataifa ya Afrika, kura ndiyo iliyoipeleka Guinea robo fainali. Wamali waliumia, lakini hakuna aliyeliwa fedha yake.

Kwa hiyo kugawana kina Gibson kwa kura, kwa maoni yetu, hakuna ubaya.

Ubaya uko kwenye zile shilingi 10,000. Wanane wanatoa, mmoja anachukua, saba wanapoteza. Hiyo ndiyo *maysir* iliyokatazwa katika Surat al-Maida, aya ya 90, na haibadiliki kwa kuwa fedha ni ndogo au washiriki ni marafiki. Wala haiondoki kwa kusema kwamba bingwa hupatikana kwa akili. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi imefunga mashindano ya dau katika mishale, ngamia na farasi. Ikiwa programu inauzwa, wachangie bei yake sawasawa, na asiwepo wa kurudishiwa zaidi ya mwenziwe.

Kuhusu dadu, wengi wa wanavyuoni wa Kishafii wameharamisha mchezo wa nardi hata bila ya fedha, kwa hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim. Wametofautisha mchezo unaosimama juu ya kubahatisha na ule unaosimama juu ya hesabu na fikra, kama lilivyo bao letu. Ligi hii imechanganya yote mawili: mwenye timu anafikiri amchezeshe nani na ampumzishe nani, lakini namba za kompyuta ndizo zinazoamua kila mpira. Sisi tunaona ni nyepesi kuliko dadu la mkononi, na anayejiepusha nayo kabisa hatumlaumu.

Wazazi wa visiwani wasidhani swali hili ni la Kilimatinde peke yake. Katika michezo ya mpira ya kwenye simu mtoto hununua "pakiti" bila ya kujua ndani yake mna nani, kwa tamaa ya kutokewa na nyota wa zamani. Huyu analipia bahati, na hilo ni zito kuliko kura ya mwalimu wetu. Mwaka 2018 mamlaka ya kamari ya Ubelgiji, nchi isiyofuata fiqhi yetu, iliamua kuwa pakiti za namna hiyo ni kamari. Angalieni ujumbe wa miamala kwenye simu zenu.

Limebaki la kura kuwa ya haki. Desemba 1969 Wamarekani walipanga kwa kura vijana wa kupelekwa jeshini, tarehe 366 za kuzaliwa zikiwa ndani ya vidonge. Vilitiwa mwezi baada ya mwezi na havikuchanganywa vizuri, hivyo waliozaliwa Novemba na Disemba wakaitwa mapema kupita kiasi. Karatasi zikunjwe sawa, zikorogwe sana, na achote asiye na timu. Warushaji wawe na chungu chao na wapigaji chao, kama droo za mpira zinavyofanywa, asije mtu akaondoka na warushaji watupu.

Wallahu a'lam.

Ndugu yetu ametujibu kwamba fedha zimerudishwa kwa wenyewe. Mmoja amejitoa, anasema bila ya dau hakuna utamu. Zimebaki timu saba, na kila wiki moja itakaa bila ya mechi.