Dhamana si Kuachiliwa Huru

Katika mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, Wapokomo na Waorma walipigana katika Delta ya Mto Tana kwa ajili ya ardhi, maji na malisho, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Baada ya mapigano ya namna hiyo, waliofiwa huona uchungu wakisikia ya kwamba mshtakiwa ameomba dhamana. Basi yafaa sheria ifahamike.

Kabla ya mwaka 2010, mshtakiwa wa kuua kwa kusudi hakuweza kupewa dhamana katika Kenya. Katiba ya mwaka huo, katika kifungu cha 49, ilibadili jambo hilo: kila aliyekamatwa ana haki ya dhamana, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Ni juu ya upande wa mashtaka kuzionyesha sababu hizo.

Jaji wa Mahakama Kuu hujiuliza: Je, mtu huyu atarudi siku ya kesi? Je, atawatisha mashahidi, ambao pengine ni majirani zake? Je, akirudi kijijini, yeye mwenyewe hatauawa kwa kisasi? Jamaa za marehemu nao waweza kusikizwa.

Kila mshtakiwa hupimwa peke yake, wala hafai kuzuiwa kwa sababu ya kabila lake tu. Akiachiliwa, aweza kuamriwa kuleta wadhamini, kwenda mbele ya polisi kwa siku zilizowekwa, na kutokanyaga mahali pa mapigano.

Dhamana si msamaha. Kesi huendelea, na avunjaye masharti aweza kurudishwa rumande.