Jino halioti upya, lakini doa jeupe linaweza kurudishiwa madini

Fikiria asubuhi ya Kichiwa mwezi wa saba. Baridi kali, na mtoto anakunywa chai yenye sukari ya kutosha kabla ya kwenda shule. Mchana pipi, jioni chai tena. Sasa hebu tuone kinachoendelea mdomoni mwake.

Bakteria waliojishikiza kwenye meno hula ile sukari na kutoa asidi. Pale pH inaposhuka chini ya takriban 5.5, kalsiamu na fosfeti huanza kuchomoka kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino. Mate huyarudisha madini hayo, lakini yanahitaji muda. Ukila vitu vitamu kila saa, mate yanazidiwa.

Dalili ya kwanza siyo tundu. Ni doa jeupe lisilong'aa, mara nyingi karibu na fizi. Na haliumi, ndiyo maana tunalipuuza.

Kwa nini enameli isijitengeneze kama mfupa? Kwa sababu seli zilizoijenga hufa kabla jino halijachomoza. Fundi ameshaondoka.

Hapo ndipo watafiti walipoamua kuiga maumbile. Enameli ilipokuwa inajengwa, protini ziliongoza namna madini yanavyojipanga. Katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, wanasayansi walitengeneza peptidi iitwayo P11-4, mnyororo mfupi wa amino asidi 11. Inapakwa ikiwa kimiminika, inapenya ndani ya doa, kisha inajiunga yenyewe kuwa nyuzinyuzi.

Kama umewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa, utaelewa haraka. Nyuzi zile ni fito. Udongo ni kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye mate yako mwenyewe. Bila fito, udongo hauna pa kushika.

Ila tusidanganyane. Teknolojia hii inasaidia doa, haizibi tundu. Jino likishatoboka linahitaji kuzibwa, na likichelewa zaidi, kung'olewa. Kwa mzazi wa kijijini hiyo inaweza kumaanisha nauli ya kwenda Makambako au Njombe mjini, na mtoto kukosa shule.

Habari njema ni kwamba huhitaji kusubiri P11-4 ifike dukani kwenu. Dawa ya meno yenye floridi inasaidia madini kurudi, na enameli inayorudi huwa ngumu zaidi kwa asidi. Soma boksi: tafuta ppm 1,000 hadi 1,500. Mswaki mara mbili kwa siku, mara moja iwe kabla ya kulala. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, weka dawa kidogo tu, kama punje ya mchele.

Leo jioni, inua mdomo wa juu wa mdogo wako au mwanao, uangalie karibu na fizi. Ukiona weupe usiong'aa, bado hujachelewa. Punguza vitu vitamu, anza floridi, na mtafute daktari wa meno kabla doa halijawa tundu.