Njia za Maji: Mbio za Nyumbani, Masasi hadi Newala

Ukitaka kujua pa kukimbilia Masasi na Newala, weka simu mfukoni kwanza. Waulize kina mama waliovuka miaka sitini walikuwa wakiteka maji wapi. Sehemu kubwa ya njia za miguu zinazofaa kwa mbio kwenye kingo za uwanda wa Makonde zimekanyagwa na watu walioshuka bondeni na ndoo tupu, wakapanda nazo zimejaa, ngata kichwani. Naandika kwa ajili ya wenzangu tulio ughaibuni, hasa wale wanaofungasha raba wakienda likizo kusini mwa Tanzania, kisha wakaishia kukimbia pembeni mwa lami huku malori yakiwapulizia vumbi. Kuna njia bora kuliko hiyo, na zina historia inayostahili kujulikana kabla mtu hajazikanyaga.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kutoka pwani ya Mtwara na Mikindani, uwanda huinuka polepole kuelekea magharibi hadi kukaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari, kisha unakatika ghafla. Newala imekaa pale pale unapokatika. Ukisimama Shimo la Mungu, pembeni mwa mji, ardhi inaporomoka mbele yako, na huko mbali unaliona bonde la Mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Udongo wa juu ni mchanga na mawe ya mchanga. Mvua si haba, inakaribia milimita 1,000 kwa mwaka, lakini mchanga huinywa yote. Ndiyo maana juu ya uwanda hakuna mto wala kijito cha kudumu, na maji yaliyozama huko yanakuja kutokeza chini, kwenye chemchemi za miguuni mwa kingo. Ndanda, upande wa kaskazini katika bonde la Lukuledi, ni mahali pa namna hiyo. Watawa wa Benedikto walipoweka misheni yao hapo mwaka 1906, walijenga palipokuwa na maji.

Masasi ni nchi nyingine kabisa, ingawa Newala haiko mbali, kilomita 70 hivi kwa barabara inayopita Nagaga. Huko mchanga umekwisha na ardhi ni ya mawe magumu ya kale. Vilima vya mwamba mtupu, Mtandi na Mkomaindo miongoni mwao, vinainuka peke yake kutoka kwenye tambarare bila safu ya milima nyuma yake. Mjerumani Wilhelm Bornhardt alivichunguza vilima vya aina hii kusini mwa nchi yetu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1900, na mpaka leo wanajiolojia duniani huviita vilima vya namna hiyo kwa jina lake, hata vikiwa Brazili au Australia. Kwa mkimbiaji, Masasi maana yake ni mizunguko ya chini ya vilima. Unakimbia kwenye changarawe ngumu, mwamba upo mkono wako wa kulia muda wote, na kivuli chake asubuhi ni kirefu. Mazoezi ya kasi yafanyie huku, kwa sababu mguu hauzami.

Sasa lipo swali ambalo kila mgeni huuliza: kama juu hakuna maji, kwa nini watu walikwenda kuishi juu? Wamakonde wana jibu lao la kale, na Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliliandika. Kwa masimulizi hayo, mtu wa kwanza aliishi peke yake porini. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikageuka mwanamke. Wakakaa karibu na mto, na mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakahama, na mtoto wa pili naye hakuishi. Walipopanda mpaka juu kabisa ndipo watoto wakaanza kuishi, na wazee wakaagiza kizazi chao kikae mbali na mito. Mimi nalichukulia jibu hili kwa uzito wote. Mabondeni kulikuwa na malaria, na mabondeni ndimo zilimopita njia za misafara ya watumwa. Kichaka kinene cha uwanda kilikuwa boma, na gharama yake ilikuwa safari ya maji ya kila siku. Gharama hiyo waliilipa zaidi wanawake na wasichana. Sehemu ya vitu alivyokusanya Weule katika safari ile iko kwenye jumba la makumbusho la Grassi mjini Leipzig, kwa hiyo ndugu walio Ujerumani wanaweza kuviona hata kabla ya kukata tiketi.

Hata wamisionari walikuja kujifunza hesabu hiyo ya juu na chini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule mtaalamu wa Kiswahili, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi Masasi. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, wakavamia. Baada ya hapo sehemu ya misheni ikahamia Newala, karibu na chifu Matola wa Wayao, kwa sababu ukingo ule ulikuwa mgumu kupandwa na adui. Leo kanisa kuu la Kianglikana limesimama Mtandi, na mzunguko wa mbio unaopita hapo unakanyaga ardhi waliyoikimbia wale watu walioachwa huru mara moja na kutishiwa tena.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kutoka Chiwata kwenda Newala kupitia Kitangari. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilipita huku likirudi nyuma mbele ya Waingereza. Mwezi mmoja kabla yake palikuwa na vita vikubwa vya Mahiwa, upande wa Lindi. Jeshi likaacha wagonjwa na majeruhi wake Nambindinga, likavuka uwanda, likashuka kutoka Newala na kuvuka Ruvuma tarehe 25 Novemba kuingia Msumbiji. Vitabu vya Ulaya husimulia ujanja wa jenerali. Havisemi vya kutosha juu ya wapagazi, Waafrika waliobeba risasi na chakula cha vita visivyo vyao katika nchi ambayo kupata maji kwenyewe ni kazi ya kutwa. Si njia ya kumaliza asubuhi moja. Igawanye siku mbili au tatu, ulale vijijini kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji.

Mabomba yalifika Newala kuanzia miaka ya 1950, mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji kutoka bondeni kwa mitambo. Baadaye Ufini iligharamia kwa miaka mingi miradi ya maji ya mikoa ya Mtwara na Lindi. Chanzo cha Mitema, chini upande wa Kitangari, bado kinategemewa, na maji yake bado hupandishwa mamia ya mita kufika juu. Mitambo inapokwama, njia za zamani hupata watu tena.

Kwa anayejiandaa, haya nayaona muhimu. Juu ya uwanda mchanga ni mwekundu na laini, unakula nguvu za mashavu ya miguu, kwa hiyo usijilinganishe na saa yako ya Ulaya. Kuteremka kingo kunadanganya, kwa sababu kurudi ni kupanda tu, tena jua likiwa limeshapanda pia. Kati ya Juni na Agosti mikorosho inapochanua, wakulima hupuliza salfa alfajiri, majani yakiwa bado na umande, na moshi ule wa njano unawasha macho na kifua. Ukisikia mashine ikinguruma shambani, badili njia. Miezi hiyo hiyo ni ya jando na unyago. Ukielezwa kwamba njia fulani imefungwa, igeuke bila kuhoji wala kupiga picha. Chini Ruvumani usikimbie peke yako ukingoni, maana mamba wapo kweli, na upande wa Nanyumbu kuna tembo na hifadhi ya Lukwika-Lumesule. Wazee uwapite kwa kupunguza mwendo na kutoa shikamoo. Mtu anayekimbia bila kusalimia huko huonekana ana msiba au ana kosa.

Kusini hatujatoa bado mkimbiaji wa jina kama Filbert Bayi wa kaskazini au Alphonce Simbu wa Singida, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025. Lakini vilima si shida yetu, wala miguu. Mchakamchaka wa alfajiri umewakimbiza wanafunzi wa shule zetu kwa vizazi. Kinachokosekana ni mashindano ya njia za miguu, mbali na lami, na vibao vya mbao vinavyoonyesha njia ya kushukia chemchemi na ya kupandia. Vyama vyetu vya wana-Mtwara huko nje huchangia madawati na vitanda vya hospitali, na ni vyema. Gharama ya kuweka alama kwenye njia tatu, ya Mtandi, ya Ndanda kupanda kingo, na ya Newala kushuka bondeni, ni ndogo kuliko ya vitu hivyo. Wa kuzionyesha njia zenyewe wapo, maana walizipanda kila siku wakiwa wasichana. Walipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mpima ardhi.