Mauzo juu, hisa chini: AMD na Intel mwaka 2022

Hebu fikiria uko stesheni ya Usinge, unasubiri treni ya kwenda Kigoma. Pembeni yako vijana wawili wameinamia simu, wanabishana. Mmoja anasema, "Intel imekwisha, bwana. Ukitaka hisa, nunua AMD." Mwenzake anacheka: "Mbona AMD ndiyo imeanguka zaidi? Si grafu hii hapa!"

Mwaka 2022 ubishi kama huu uliwaumiza vichwa wawekezaji wengi duniani. Na wote wawili walikuwa na hoja.

Intel na AMD hutengeneza chipu (siyo chipsi mayai!), yaani kile kipande kidogo cha silikoni kinachofanya kazi kama ubongo wa kompyuta. Intel ina viwanda vyake. AMD ilijitenga na viwanda vyake mwaka 2009; sasa inabuni tu, na chipu zake mpya zinatengenezwa na TSMC ya Taiwan.

Sasa angalia namba za 2022. Mauzo ya Intel yalishuka kwa takriban asilimia 20. Ya AMD yalipanda kwa asilimia 44, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kuinunua kampuni ya Xilinx. Lakini hisa ya Intel ilipoteza karibu nusu ya thamani yake, na ya AMD ikapoteza zaidi ya nusu: asilimia 55 hivi. Inakuwaje aliyeuza zaidi ndiye aanguke zaidi?

Jibu kubwa ni riba. Mwaka ule Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 4 ili kupambana na mfumuko wa bei. Riba ni bei ya kusubiri. Wafanyabiashara wa Unguja waliokopesha nguo na shanga kwa misafara ya Tabora na Ujiji waliijua vizuri: pembe ya ndovu itakayofika pwani baada ya mwaka mzima au zaidi haina thamani sawa na iliyoko ghalani leo.

Tupige hesabu. Umeahidiwa shilingi 100,000 baada ya mwaka mmoja. Riba ikiwa asilimia 1, ahadi hiyo leo ina thamani ya kama 99,000. Riba ikifika asilimia 5, inakuwa kama 95,200. Umepoteza kidogo tu. Lakini kama ahadi ni ya miaka 10, thamani inashuka kutoka 90,500 hadi 61,400. Karibu theluthi imeyeyuka, na aliyekuahidi hajabadilika hata kidogo!

Basi, AMD ilikuwa ahadi ya miaka mingi. Wawekezaji walikuwa wameilipia faida ambayo ingekuja mbele huko. Riba ilipopanda, bei ikaporomoka, na mwishoni mwa mwaka soko la kompyuta nalo likadorora. Intel bei yake haikuwa kubwa hivyo ukilinganisha na faida iliyokuwa ikipata. Iliumia zaidi kwa sababu biashara yenyewe ilikuwa inadhoofika, huku viwanda vikiendelea kula pesa.

Ni kama wagonjwa wawili wenye homa ya digrii 39. Mmoja ana malaria, mwingine taifodi. Kipimajoto hakiwezi kukwambia nani ana nini. Lazima upime damu. Grafu ya bei ni kipimajoto.

Vipimo vilikuja baadaye. Mwaka 2023 hisa ya AMD ilipanda zaidi ya mara mbili, na ya Intel nayo ikapanda sana. Lakini mwaka 2024 Intel ilisitisha gawio na kutangaza kupunguza zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi, na hisa yake ikapoteza karibu asilimia 60. AMD nayo ilishuka mwaka huo, ila kwa asilimia 18 hivi.

Kwa hiyo kijana wa kwanza alishinda? Inategemea pesa aliyoweka ilikuwa ya nini. Kama ilikuwa ada ya mdogo wake, shule zinafunguliwa Januari. Angelazimika kuuza Desemba 2022, bei ikiwa bado chini sana, na angepata hasara huku akiwa ameichagua kampuni sahihi. Kabla ya kuuliza ni kampuni ipi bora, jiulize pesa yako inaweza kusubiri hadi lini.